Mama mkwe ana korona. Tembe za Marekani tumpe au tusimpe?

Kwako mshauri,

Naandika haraka kwa sababu nyumba imegawanyika. Ninaishi Migosi hapa Kisumu na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Kakamega, nimeolewa Siaya. Mume wangu anaendesha trela na wiki hii yuko njiani kati ya Mombasa na Malaba, kwa hiyo maamuzi yote yameniangukia mimi, na mgonjwa mwenyewe ni mama yake.

Mama mkwe ana miaka 69. Tulimtoa Yala akaja kukaa nasi macho yalipoanza kumsumbua. Ana sukari na presha, na kuna tembe nyingine ya usiku ambayo sijui ni ya nini. Chanjo ya korona alidungwa mara mbili mwaka 2021, baada ya hapo hakurudi tena.

Jumatatu jioni alianza kukohoa na kusema viungo vyote vinauma. Jumanne wifi yangu akapitia duka la dawa akamletea AL ya malaria bila kumpima, akameza dozi mbili. Jumatano nikampeleka kliniki. Malaria hakuna, korona ipo. Nami nikapimwa, ninayo pia, ila nasikia mafua na kichwa tu. Nina miaka 33 na sina ugonjwa mwingine. Tabibu alimpima mama oksijeni kwa kile kifaa cha kidole, ikawa 96. Akasema kwa umri wake na sukari yake angefaa kupewa dawa ya kupambana na virusi, lakini wao hawana, tuulize hospitali kubwa.

Sasa, Desemba iliyopita shemeji yangu wa Marekani alipokuja likizo alituachia pakiti ya Paxlovid, tembe za kupambana na virusi vya korona. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Minnesota. Aliandikiwa yeye alipougua, akapona kabla ya kuifungua. Tangu Jumatano anapiga simu asubuhi na jioni: mpeni mama dawa, mnangoja nini? Baba mkwe wangu alifariki Juni 2021, akiwa kwenye oksijeni, na shemeji hakuweza kuja kuzika.

Wifi naye amesoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, akatafuta jina moja kwenye simu, akapiga kelele kwamba hiyo ni dawa ya ukimwi. Anasema tunataka mama apakwe matope mbele ya watu. Yeye ameleta azithro (azithromycin) na dexa (dexamethasone) kutoka duka la dawa, anasema ndizo zilizomponya jirani. Mama mwenyewe anasema korona iliisha zamani, apewe uji wa ndimu aachwe alale.

Tumpe au tusimpe? Na je, tunaweza kugawana ile pakiti, yeye nusu na mimi nusu? Kumuuliza mama mkwe anameza dawa gani ni mtihani mwingine. Anazifungia kwenye mkebe chini ya kitanda, na mimi ni mke wa mwanawe, si binti yake.

Mke wa dereva, Migosi

*

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi mchana na nilikupigia simu jioni hiyo hiyo, kwa kuwa jambo hili haliwezi kungoja zamu yake. Haya ninayoandika ni yale niliyokueleza pamoja na mengine ambayo simu haikutosha, maana sidhani ni nyumba yako peke yake yenye mgonjwa mzee, dawa kutoka ng'ambo na ndugu watatu wenye maoni manne.

Tuanze na kalenda. Dawa hizi huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza. Hesabu haianzi siku mliyopimwa. Kwa mama siku hiyo ni Jumatatu, kwa hiyo Ijumaa ndiyo nilikutajia kuwa mwisho wa kujadiliana. Sababu ni kwamba kirusi huzaliana kwa kasi mwanzoni kabisa. Anayefika wiki ya pili akihema kwa shida anaumizwa zaidi na mwili wake mwenyewe unavyopambana, na huyo hutibiwa kwa njia nyingine.

Kwa mama yako mkwe, maoni yangu ni kwamba anafaa kupata dawa ya virusi, akishapita mbele ya daktari aliyeona kila kitu anachomeza. Kwako wewe, hapana. Na pakiti isigawanywe.

Nianze na wewe kwa sababu ni rahisi. Mtengenezaji wa Paxlovid aliijaribu pia kwa watu wasio na hatari kubwa, wakiwemo waliochanjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Dalili za waliomeza dawa zilidumu siku 12, za waliomeza tembe bandia zisizo na dawa ndani siku 13, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa kitu. Wewe una miaka 33, huna sukari wala presha. Kunywa maji, meza paracetamol kichwa kikiuma, pumzika kama watoto watakuruhusu.

Kwa watu walio katika hatari, hadithi ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwachukua wagonjwa ambao hawakuwa wamechanjwa na wenye angalau jambo moja la kuwatia hatarini, kama umri, sukari au unene. Miongoni mwa waliopewa tembe bandia, takriban 6 kati ya 100 walilazwa hospitalini au walifariki. Kwa waliopewa dawa ndani ya siku 5 walikuwa chini ya mmoja kati ya 100. Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa wasiolazwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa. Mama alichanjwa, kwa hiyo sitakuambia atapata faida yote ile. Lakini chanjo yake ni ya 2021, ana miaka 69, na ana sukari na presha. Tabibu wenu aliona sawasawa.

Oksijeni ya 96 isiwape sababu ya kungoja. Watu wengi huniambia, "Bado hajazidiwa, tuone kesho." Dawa hii hutolewa kwa asiyezidiwa ili asifike huko. Akishahitaji oksijeni, saa ya tembe hizi imepita.

Sasa tuje kwenye ule mkebe chini ya kitanda, maana uamuzi wote umelala humo.

Ndani ya Paxlovid mna dawa mbili. Ya kwanza, nirmatrelvir, ndiyo inayokizuia kirusi kujizalisha. Tatizo lake ni kwamba ini huivunja upesi mno. Ndipo huongezwa ya pili, ritonavir, ambayo kazi yake ni kukizuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa, ili ile ya kwanza idumu mwilini. Kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja dawa nyingine nyingi ambazo wazee wetu humeza kila siku. Kikizuiwa, dawa hizo hurundikana kwenye damu kana kwamba mgonjwa amemeza dozi kadhaa kwa mpigo.

Katika pakiti ambazo mama alikubali kukuonyesha, ukanisomea kwenye simu, tembe ya usiku ilikuwa simvastatin, ya kolesteroli. Hiyo na ritonavir hazikutani kabisa: misuli inaweza kuharibika, na figo zikafuata. Husimamishwa kabla ya kuanza Paxlovid, na kwa siku hizo chache haimpunguzii mama kitu. Ya presha ilikuwa amlodipine. Hiyo si lazima iachwe, ila nguvu yake huongezeka, na mzee aliyekula kidogo anaweza kusimama akaanguka. Daktari anaweza kupunguza dozi, na nyumbani mnampima presha mara kwa mara. Metformin ya sukari haina ugomvi nayo.

Wengine wanaosoma hapa wana mikebe yao. Anayemeza dawa za TB zenye rifampicin asiguse Paxlovid. Rifampicin huliamsha ini likaifuta dawa yote. Vivyo hivyo kwa tembe za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital. Anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda, au dawa za mapigo ya moyo, aseme mapema. Na ile mitishamba ya chupa kutoka Kibuye isemwe pia, hata kama muuzaji alisema haina madhara. Wazee huificha hiyo kuliko zote, nadhani wanaogopa kufokewa na daktari.

Kuhusu AL. Hapa Nyanza mtu akipata joto hudhaniwa malaria, na si ujinga, maana mara nyingi ni kweli. Lakini kipimo chake hutolewa karibu kila zahanati. Lumefantrine iliyomo kwenye AL huvunjwa na kimeng'enya kile kile, hukaa mwilini siku kadhaa, na ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo zile dozi mbili za Jumanne hazikupita hivi hivi. Ni lazima daktari aambiwe zilimezwa lini, aamue kama inatosha kumwangalia au ampime moyo kwanza. Usimwonee wifi haya ukalinyamazia hilo.

Wifi yako tumpe haki yake: alichokisoma ni kweli. Ritonavir ilianza kama dawa ya virusi vya ukimwi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1996, na mpaka leo hutolewa kwa dozi ndogo pamoja na dawa nyingine za ukimwi, lopinavir au atazanavir. Katika mchanganyiko huo kazi yake ni hiyo hiyo ya kulizuia ini. Kuimeza siku 5 kwa sababu ya korona hakumfanyi mtu kuwa na ukimwi, na hakuna kipimo kitakachomsingizia. Mwambie hivyo kwa upole, kisha umwambie na jambo la pili: kama watu wangezikataa ARV, yaani dawa za ukimwi, kwa aibu, majirani wengi wanaomsalimu kila asubuhi wangekuwa kaburini.

Tena kuna jambo ambalo sikukuuliza kwenye simu na sitakuuliza. Katika kaunti zetu za magharibi kuna wazee wengi wanaotumia ARV kimya kimya, na wana wao hawajui. Ndiyo maana nilikushauri mama aingie kwa daktari peke yake walau dakika tano, wewe ukae nje. Kama anazitumia, aseme humo ndani. Ule mchanganyiko wa kawaida wenye dolutegravir hauzuii Paxlovid, na hata aliye kwenye ARV zenye ritonavir huendelea nazo. Mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa yoyote ndiye daktari humfikiria zaidi, kwa sababu ritonavir peke yake inaweza kuvifundisha virusi hivyo usugu. Akitoka humo, usimuulize waliongea nini.

Na mkebe wenyewe, usiufungue mgongoni mwake. Mwite mume wako kwa simu, azungumze na mama yake, amwombe yeye mwenyewe autie mkobani aende nao hospitali. Mwana akiomba hivyo haonekani anapekua. Ukiomba wewe, kesho itasemwa kwingine.

Sasa pakiti ya shemeji. Dawa iliyoandikiwa mtu mwingine haimezwi kwa amri ya simu, hata kama anayepiga anashinda na wagonjwa. Lakini msiitupe. Ichukueni pamoja na mkebe. Daktari atatazama tarehe ya mwisho, kama vibati havijatobolewa, na kama ilikaa mahali pa baridi au juu ya friji kwenye joto la Kisumu. Kisha atatazama jambo ambalo watu wa nyumbani hawawezi kulijua, nalo ni figo. Dozi ya kawaida ni tembe mbili za waridi na moja nyeupe asubuhi, na vivyo hivyo jioni, kwa siku 5, yaani tembe 30. Figo zikiwa zimechoka kiasi, tembe ya waridi huwa moja badala ya mbili, na zikiwa zimechoka sana hesabu hubadilika kabisa. Sukari na presha za miaka mingi huchosha figo bila mtu kuhisi. Shemeji yako ni mtu mwenye afya, kwa hiyo pakiti yake ni ya figo nzima. Ya mama hatujui mpaka apimwe damu.

Hapo ndipo ile fikra ya kugawana nusu kwa nusu inapoanguka. Nusu ya pakiti ni siku mbili na nusu. Wewe hungefaidika, na mama angebaki na tiba iliyokatika katikati.

Nilikuelekeza mwende Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji tunayoiita Russia, Ijumaa asubuhi mapema, nyote mkivaa barakoa. Daktari akiona Paxlovid haimfai, aulizwe kuhusu nyingine. Ipo remdesivir, ambayo hutiwa kwenye mshipa siku tatu mfululizo na haina ugomvi wa ini kama huu. Ipo molnupiravir, tembe ambazo hazigombani na dawa nyingi lakini ni dhaifu zaidi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha watu zaidi ya 25,000, wengi wao wamechanjwa, uliona iliwaharakishia nafuu bila kupunguza idadi ya waliolazwa au kufa. Hiyo haipewi mjamzito.

Azithro na dexa za wifi zirudi zilikotoka. Azithro huua bakteria, na korona ni kirusi. Dexa ndiyo inayonikasirisha, kwa sababu ni dawa njema iliyowekwa mahali pabaya. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba huokoa maisha ya wagonjwa wa korona walio kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni, faida haikuonekana, na kuna dalili kwamba huenda ikawadhuru. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari siku ile ile. Jirani alipona kwa sababu wengi hupona. Mama akipewa dexa juu ya sukari yake, mtakuwa na wagonjwa wawili ndani ya mtu mmoja.

Mama anaposema korona iliisha, ana sehemu ya ukweli. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Kirusi hakikusoma tangazo. Ila ninahisi hakatai dawa kwa sababu ya tangazo. Kisumu ndipo aina ya Delta ilipoingilia Mei 2021, na mwezi uliofuata serikali ikazifungia kaunti 13 za ukanda huu kwa kafyu ya saa moja jioni. Yeye mwezi huo alimzika mume. Neno korona likitajwa nyumbani, nadhani anamwona mumewe kwenye ile oksijeni. Mtu kama huyo hashawishiwi kwa takwimu zangu. Mwambie safari hii ameugua siku ya nne na bado anatembea kwa miguu yake kwenda kuonana na daktari, na kwamba uji wa ndimu atapata kabla na baada.

Shemeji naye, punguza ukali naye. Anayepiga simu mara mbili kwa siku kutoka Minnesota anajaribu kuwahi mazishi aliyoyakosa. Mpe kazi: akutumie picha ya karatasi ya daktari wake inayoonyesha dawa ilitolewa lini, daktari wa Kisumu ataitaka.

Akianza kumeza, mama atalalamika kinywa kina ladha ya chuma au uchungu. Ni kawaida, na huisha dawa ikiisha. Tumbo linaweza kuharisha kidogo. Ladha ikimfanya akatae chakula, angalieni sukari isishuke kama anaendelea na dawa zake. Baadhi ya watu hupata nafuu, halafu siku chache baadaye dalili zinarudi na kipimo kinaonyesha virusi tena. Ilimpata hata Rais Biden Julai 2022. Mara nyingi huwa nyepesi na hupita yenyewe, na huwapata pia wasiomeza dawa. Ikitokea, ajitenge upya, msianze pakiti nyingine.

Nunueni au kuazima kifaa cha oksijeni cha kidole. Ikishuka chini ya 94 akiwa ametulia, mpigieni daktari. Ikifika chini ya 90, au akihema kwa haraka, akichanganyikiwa, au akilala usingizi usio wa kawaida, mpelekeni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama bado ana tembe za kumaliza.

Mume wako akifika kutoka Malaba asilale chumba kimoja na mama, na madirisha yaachwe wazi. Ile simvastatin hairudishwi siku Paxlovid inapoisha. Hungoja siku 5 zaidi. Mwombe daktari aandike tarehe hiyo kwa kalamu kwenye pakiti yake, kwa sababu hilo ndilo kila nyumba husahau.